Niliyojifunza Kampala Kuhusu Kuyaamini Macho

Ujarabati ni msimamo wa kifalsafa unaosema kwamba tunayoyajua kuhusu dunia tunayapata kwa kuona, kugusa, kusikia na kujaribu, hatukuzaliwa nayo. John Locke aliutetea katika kitabu kinene cha mwaka 1690, na David Hume akausukuma mbele hadi ukawatia wasiwasi hata walioupenda. Hayo nimeyasoma. Lakini maana yake nimeipata wodini, katika mji wa Kampala, nilikokuja kusomea udaktari Makerere nikitokea Muheza, kisha nikabaki kuhudumia watoto. Mji huu una historia ndefu ya watu walioangalia kwa makini. Mara nyingine waliyoyaona yaliokoa maisha ya wengi, mara nyingine macho yale yale yalipotosha. Naandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi hii, na kwa yeyote anayeamua maisha ya wengine kwa kusema, "Mimi nina uzoefu."

1. Mgonjwa wa kwanza anakushangaza, wa pili akupeleke masjala

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa hospitali ya Mulago aliyekuwa bingwa wa unyafuzi, alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuelewa. Usaha haushambulii pembe nne kwa pamoja, na uvimbe wa saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Akampiga picha, na shughuli zikaendelea.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi. Akatazama dirishani, akamwona nje mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akatoka kwenda kumpima, akakuta na tumboni mna uvimbe. Hapo ndipo jambo lilipobadilika. Aliporudi Kampala alianza kupekua mafaili ya hospitali, akakuta watoto wengi: huyu kaandikiwa saratani ya taya, yule ya figo, yule ya ovari, kila mmoja na jina lake la ugonjwa. Hakuna aliyewahi kuwaweka pamoja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto 38, na ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Wanafunzi husimuliwa kisa cha dirisha la Jinja kama kisa cha bahati. Mimi nakiona kwa namna nyingine. Madaktari wengi waliwaona watoto wale kabla ya Burkitt. Yeye alichofanya ni kukataa kumwacha mgonjwa wa pili apite kama kioja kingine. Alikwenda kwenye karatasi kuwatafuta wa tatu na wa nne.

2. Andika, hata kama hujui itamfaa nani

Albert Cook, mmisionari na daktari, alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo zimehifadhiwa katika maktaba ya tiba ya Makerere inayobeba jina lake. Ukiyashika majalada yake unaona subira ya mtu: jina, mahali alipotoka, kilichomleta, alichofanyiwa, mgonjwa baada ya mgonjwa, kwa wino. Uvimbe wa taya za watoto umo humo, nusu karne kabla ya Burkitt. Mwaka 1964 J. N. P. Davies na wenzake walizichambua kumbukumbu hizo na kuchapisha taarifa ya saratani katika jamii hii tangu 1897 hadi 1956. Davies huyo huyo ndiye aliyeanzisha daftari la saratani la Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1950, moja ya madaftari makongwe ya aina hiyo barani Afrika. Cook hakujua kwamba maandishi yake yangekuja kuulizwa maswali ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Katika hospitali moja niliyofanya kazi, nesi wa zamu ya usiku alikuwa na kaunta buku lake mwenyewe, nje ya fomu rasmi. Kila mtoto aliyelazwa alipata mstari mmoja: umri, uzito, saa aliyofika, alichoanzishiwa, na mwisho wake. Wote tulijua kwamba watoto wa nimonia walikuwa wakifariki zaidi alfajiri, na tulikuwa na maelezo: usiku ni mrefu, mwili umechoka. Sista hakubishana na mtu. Alichora safu nyingine pembeni, akawa anaandika saa ambayo mtungi wa oksijeni uliisha. Baada ya muda aliufungua ukurasa mbele yetu. Vifo vilifuata mitungi. Ufunguo wa stoo ya oksijeni ulikuwa ukiondoka na mtunza stoo jioni na kurudi naye asubuhi. Tangu hapo ufunguo ukawa unalala wodini.

Safu moja, iliyochorwa kwa rula na kalamu ya bluu. Sijawahi kuona kazi ya kisayansi iliyonigusa kuliko ile.

3. Ujarabati haukuja na meli

Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana aliyekuwa akisomea udaktari Uingereza, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Aliuchapisha Edinburgh mwaka 1884. Mama alikuwa binti wa miaka kama 20, mimba yake ya kwanza. Alilewa nusu kwa pombe ya ndizi. Fundi alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaosha na tumbo la mgonjwa, kisha akanawa kwa maji. Akapasua kwa haraka. Msaidizi akawa anaigusa mishipa inayovuja kwa chuma kilichopashwa moto. Mtoto akatolewa, mji wa mimba ukakandwa mpaka ukajikaza. Kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma zilizozungushiwa uzi wa gome la mti, kikapakwa mizizi iliyotafunwa, kikafunikwa kwa jani la mgomba. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Mama na mtoto wote walikuwa hai.

Nakirudia kisa hiki kwa wanafunzi kila mwaka, kwa sababu wengi wao wamefundishwa kwamba babu zao waliamini na wazungu walichunguza. Utaratibu ule haukubuniwa siku ile. Mtu fulani aliwahi kuona kwamba chuma cha moto kinazuia damu, mwingine kwamba mji wa mimba ukikandwa hujikaza, na wote wakarithisha. Madaktari wa Aleksandria ya kale waliojiita wajarabati, karne ya tatu kabla ya Kristo, walisema tiba inasimama juu ya nguzo tatu: uliyoyaona mwenyewe, waliyoyaona wengine wakakusimulia, na kuhama kutoka jambo unalolijua kwenda lile linalofanana nalo. Fundi wa Kahura alikuwa nazo zote tatu.

Asichokuwa nacho, na Felkin pia hakuwa nacho, ni hesabu ya akina mama wote waliopasuliwa, waliopona na waliokufa. Tunamjua mmoja tu. Hilo halimpunguzii fundi heshima. Linatuonyesha tulichokipoteza kwa kutokuwapo mtu wa kuhesabu. Tabibu Ibn Sina katika kitabu chake, Kanuni ya Tiba, karne ya 11, alikwisha kuweka masharti ya kuijaribu dawa, likiwamo la kwamba ijaribiwe kwa binadamu, maana ya farasi au simba huenda isiseme lolote juu ya mtu. Na alitaka matokeo yaonekane mara nyingi, yasije yakawa ya kubahatisha. Sharti hilo nikilisoma namkumbuka yule fundi ambaye jina lake hakuna aliyeliandika.

4. Uliza watu wengi, na uwaulize swali lile lile

Malale yaliingia mwambao wa Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, na ndugu wawili, Albert na Jack Cook, waliyatambua Mengo mwaka 1901. Kabla hayajatulia yaliua watu zaidi ya 200,000; visiwa vya Ssese na pwani ya Busoga vilibaki mahame. Tume ya kwanza kutoka London ilifika Entebbe mwaka 1902. Mjumbe wake Aldo Castellani alidhani bakteria fulani ndiye chanzo, kisha akaona kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa vimelea ambavyo hakutarajia kuviona. Mwaka 1903 akaja David Bruce, ambaye kule Zululand alikwisha kujua kwamba mbung'o hueneza nagana ya ng'ombe. Akahama kutoka analolijua kwenda linalofanana nalo, kama wale wa Aleksandria.

Lakini hakuishia kwenye kufananisha. Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa, aliwatumia machifu, na wamisionari nao wakaombwa: kila mmoja akamate nzi wanaouma wa eneo lake, awatume Entebbe, aseme wametoka wapi na kama kuna malale huko. Vifurushi vikaja kutoka pande zote. Zikachorwa ramani mbili, moja ya mbung'o na moja ya ugonjwa. Zikalingana kandokando ya ziwa.

Vitabu vingi vinampa Bruce sifa peke yake. Mimi nasema wazi kwamba bila mtandao wa utawala wa Buganda, bila wavulana waliokimbizana na nzi kwenye matete, ramani ile isingechorwa. Aliyekamata nzi na kutaja kijiji chake alikuwa mtafiti.

Nyumbani kwetu mkoani Tanga tuna kisa kinachohusiana na hili. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, aliposema kwamba maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yaliganda kabla ya yaliyopoa. Waliokuwa na cheo walimwambia haiwezekani. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alikubali kujaribu badala ya kubishana, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli au hutegemea namna ya kupima, na wanabishana kwa vipimajoto. Hiyo ndiyo heshima aliyostahili Mpemba tangu siku ya kwanza.

5. Hoja safi inaweza kuua, na jicho likaiunga mkono

Hili ndilo ninalolifikiria kuliko yote.

Mtoto analetwa na homa kali, anahema kwa shida, mikono na miguu ya baridi. Unabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, unauachia, unahesabu: moja, mbili, tatu. Damu ikichelewa kurudi, mzunguko umelegea. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa jibu moja: tafuta mshipa, weka kanula, sukuma maji ya chumvi haraka. Hoja ilikuwa haina doa. Mishipa imelegea, damu haifiki viungoni, basi ijaze. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilisema hivyo. Na macho yalikubali! Ndani ya saa moja vidole vilipata joto, rangi ikarudi ukuchani, mama akaanza kutabasamu.

Hata hivyo, hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazikuwa zikitoa maji hayo kwa utaratibu. Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake wa Uganda, Kenya na Tanzania wakaanzisha mwaka 2009 utafiti ulioitwa FEAST, katika hospitali sita: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor hapa Uganda, Kilifi kule Kenya, na Teule ya kwetu Muheza. Watoto wenye homa kali na mzunguko uliolegea waligawanywa kwa kura. Wengine walipata maji ya haraka, ya chumvi au ya albumini, wengine hawakuyapata. Dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu walipata wote kwa kadiri walivyohitaji. Wengi walitarajia matokeo yaonyeshe jinsi maji yanavyookoa, ili serikali ziyalipie.

Januari 2011 kamati ya usalama ilisimamisha uandikishaji. Watoto walikuwa wamefika 3,141. Katika saa 48, waliokufa kati ya waliopewa maji ya haraka walikuwa asilimia 10.6 kwa albumini na 10.5 kwa chumvi. Kati ya wasiopewa, asilimia 7.3. Yaani kila watoto mia waliosukumiwa maji, watatu zaidi walipotea.

Miaka miwili baadaye ukaja uchambuzi ulionitikisa zaidi. Baada ya saa moja, dalili za mzunguko kulegea zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji na asilimia 32 ya wasiopewa. Kwa hiyo macho yetu hayakuwa yamedanganyika kuhusu kile yalichokiona. Vidole vilipata joto kweli. Watoto walikufa baadaye, zamu nyingine, na sisi tuliokwenda nyumbani tulibaki na picha ya saa ya kwanza.

Fikiria jinsi akili ya wodi inavyofanya kazi. Mtoto aliyepewa maji akapona, tunasema maji yamemwokoa. Aliyepewa maji akafa, tunasema walichelewa kumleta. Hakuna tukio lolote linaloweza kutupinga. Tofauti ya watoto watatu kwa mia hakuna daktari awezaye kuihisi, hata akifanya kazi miaka thelathini, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Inaonekana tu pale watoto wa namna moja wanapogawanywa kwa kura, kila mmoja anaandikwa, na mtu anawahesabu wote mpaka mwisho.

Nisieleweke vibaya. Utafiti ule haukuwahusu watoto waliokaushwa na kuharisha. Hao maji ndiyo uhai wao, na anayewanyima kwa kutaja FEAST anafanya kosa kubwa. Hilo nalo ni sehemu ya ujarabati: kujua ni nani hasa waliohesabiwa.

Na mabadiliko yalichelewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 bado uliacha nafasi ya maji ya haraka kwa watoto wenye dalili zote za mshtuko. Wataalamu wa nchi tajiri waliuliza kama matokeo ya Mulago na Mbale yanaweza kuaminiwa dhidi ya uzoefu wao. Inaniuma mpaka leo. Uzoefu wao ulikuwa haujawahi kupigiwa kura.

6. Sababu haikai juu juu

Hume aliandika kwamba tunaona jambo hili likifuatwa na lile, lakini kamba inayoyafunga hatuioni. Safari ya Burkitt inalifafanua hilo. Oktoba 1961 yeye, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva kule West Nile, na Clifford Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walitembea kilomita kama 16,000 kwa wiki kumi, hospitali kwa hospitali kuelekea kusini, wakiwa na picha mkononi: mmewahi kumwona mtoto kama huyu?

Ilionekana ugonjwa hauko nyanda za juu. Karibu na ikweta mpaka wake ulikuwa kama mita 1,500, na katika milima ya Kigezi haukuwako. Kimo kikadhaniwa ndicho chanzo. Lakini kadiri walivyokwenda kusini mpaka ulishuka, na hapo ikaeleweka kwamba kimo kilikuwa kinasimama badala ya joto. Mvua nayo ikaingia. Alexander Haddow, mtaalamu wa mbu wa Entebbe, akaona ramani inayofanana na ya magonjwa yanayobebwa na wadudu. Wakati huo Anthony Epstein, aliyekuwa amemsikia Burkitt akihutubia London mwaka 1961, alikuwa akiletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ya elektroni.

Ikafuata fadhaa nyingine: kirusi hicho wanacho watu wazima wengi kote duniani, nao hawaugui. Mbu hakibebi. Malaria inayojirudia ndiyo inayokiandalia njia mwilini mwa mtoto, na ndiyo maana ramani ilifuata joto na mvua. Nafasi ya kirusi ilihitaji kuthibitishwa, na katika miaka ya Idi Amin watafiti walichukua damu ya watoto kama 42,000 wa West Nile, wakangoja waone nani ataugua. Matokeo ya mwaka 1978 yalionyesha waliougua walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho tangu mapema. Kimo, joto, mbu, kirusi, malaria: kila hatua ilikuwa kweli kiasi, na kila moja ingekuwa kosa kama wangeishia hapo.

7. Mzazi naye ana haki ya kuuliza

Watoto wale 42,000 walikuwa na mama waliowanyoosha mikono. Katika FEAST wazazi walitakiwa kuamua huku mtoto anahema. Waliokuwa katika hali hiyo waliombwa kwanza ridhaa fupi ya mdomo, maelezo kamili yakafuata mtoto alipotulia. Nimezungumza na wazazi wengi katika kazi yangu, na nimeona kwamba hawaogopi kuchunguzwa kama tunavyodhani. Wanaogopa kufichwa.

Mama mmoja kutoka Katwe aliwahi kunizuia mkono nikiwa na sindano. "Musawo," yaani daktari, akasema, "wale watoto wengine mliowapa hii dawa, waliendeleaje?" Wenzangu walimwona mbishi. Mimi nilifurahi, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe, na ndilo ninalotaka kila daktari kijana aulize kabla ya kuchoma. Nilimwita sista, tukafungua kaunta buku, tukamsomea mistari ya mwezi ule: wangapi walipewa, wangapi walirudi nyumbani, wangapi hawakurudi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tena kuhusu wale ambao hawakupewa. Hao hatukuwa tumewaandika. Nikamwambia hivyo hivyo, na kuanzia wiki ile tukaanza kuwaandika.